Chupa Zilizosimamishwa

Mama,

Juzi nilifungua chupa ya kwanza ya divai yako tangu tukuzike. Ilikuwa siki. Nikafungua ya pili, siki. Ya tatu sikumaliza hata kuinusa. Niliketi chini pale stoo, hapa kwetu Kitengela, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Chupa zilisimamishwa, Mama. Watu walipokuja matanga wakajaa hadi nje ya geti, Shangazi Nafula aliingia stoo na ufagio. Unamjua. Akakuta chupa zako zimelala, akasema, "Hizi nazo zimelala kama walevi, na hapa kuna kilio! Si mtu azisimamishe!" Wakazipanguza vumbi moja moja, wakazipanga wima, zikapendeza kabisa. Sasa zile koki zako za gamba la mti, zinazoloweshwa na divai chupa ikilala, zimekauka, zimenywea, na hewa imeingia. Na hii hewa ya Kajiado inakausha hata sabuni ndani ya karatasi yake. Shangazi sijamwambia. Nimwambie nini, na alifanya kwa upendo?

Kilichobaki ni ule mtungi mkubwa wa kioo, zile zabibu za mwisho ulizochuma mwenyewe nyuma ya nyumba. Ndiyo divai uliyosema ni ya harusi ya mwanao Wafula. Lazima niitie kwenye chupa wiki hii, na nimekuwa sijui niifunge na nini. Naingia stoo, naushika mtungi, natoka.

Wafula anataka vifuniko vya kuzungusha. "Sister, weka ya kuzungusha, hakuna stress. Isimame, ilale, iko tu sawa." Lakini nakumbuka ulivyokuwa ukisonya ukiviona. Ulisema kifuniko cha kuzungusha mtu yeyote anafungua, anaongeza maji, anafunga, na nani atajua? Ulisema divai inataka kupumua kidogo, isifungiwe kama mahabusu. Na ulipenda ule mlio, po! Ulianza kutabasamu kabla koki haijatoka.

Nimenunua vyote viwili, viko mezani. Jana niliziloweka koki kwenye maji ya moto, nikazitoa, nikazianika, nikaziloweka tena. Je, nikitia koki na ziwe mbovu? Je, nikizungusha na ladha yako ipotee? Hakuna zabibu zingine ulizogusa, Mama. Nikiharibu hii, basi.

Leo asubuhi nimeamua. Harusi italeta watu walewale na mikono ileile yenye huruma, na mimi siwezi kusimama mlangoni mwa stoo nikifukuza watu wanaotupenda. Nitazungusha. Usinikasirikie. Au kasirika kidogo, vile ulivyozoea, halafu uniite tunywe chai.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi siku hiyo nitamimina kwa mkono wangu. Glasi ya kwanza ni ya Wafula. Ya pili nitampa Shangazi, ataikataa kwa sababu ya wokovu, nitainywa mimi. Hakutakuwa na mlio, na watu watadhani nimefuata mambo ya kisasa. Wewe ujue ni woga tu. Nimekuzika mara moja, ya pili sitaiweza.

Ni mimi wako,
Nekesa