Ufuta Wako Nilioufunga Matita

Somoe, mpwa wangu,

Huku Landover hakuna asiyejua kwamba Wamarekani wamejifunza ufuta kwangu. Maprofesa wa chuo cha College Park walikuwa wakisimama nikipita. Wewe mwenyewe shahidi, ingawa mara nyingi ulikuwa umeinamisha kichwa.

Nazikumbuka Jumamosi za mwaka tisini na saba, tukipanda basi na chupa yetu ya chai kwenda kwenye nyumba ya vioo ya chuo. Ulikuwa na aina thelathini za ufuta, kila mmea na kibao chake. Ilikuwa ukishavuna tu, utarudi nyumbani Lindi. Wewe unapima urefu, mimi nahesabu vitumba vya mbegu. Ukanieleza kwamba tabia za mmea zinavutana: wenye vitumba vingi mbegu zake huwa ndogo, na mrefu huchelewa kukomaa. Nikasema basi tuchague wenye kila kitu kizuri. Ukanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Mjomba, kwa urefu huo, na wewe tukusubiri ukomae?"

Bohari nzima ninakofanya kazi wanaujua utani huo. Wanadhani niliutunga mimi.

Kisha ikaja ile wiki uliyolala na homa. Nilikwenda peke yangu, nikakuta vitumba vinaanza kupasuka. Nikafanya kama tufanyavyo kwetu Lindi: nikakata mashina yote, nikafunga matita, nikayasimamisha ukutani yakauke. Matita mazuri, hata bibi yako angeyasifu. Vibao nikavipanga pembeni, safi, kama vijiko. Ulipopona ukaja, ukaniuliza kibao kipi ni cha mmea upi. Nikatazama dari. Kazi yako ya msimu mzima ikawa ufuta tu, wa kukaanga. Ukapanda upya, wala hukunitukana.

Sasa uko Lindi, unawagawia wakulima mbegu zako. Mimi nimepanda za kwangu kwenye kopo dirishani. Zinarefuka tu, hazizai. Jumamosi bado natengeneza chai ya watu wawili. Nikiulizwa, nasema nina mgeni.

Nina neno moja, Somoe. Siku ile, baada ya matita yale, ulipoingia jikoni unalia kwamba huendi tena nyumbani mwaka huo, niligeukia sinki nikaosha kikombe kilichokuwa safi. Ukanishika bega ukasema, "Usijilaumu, mjomba."

Sikuwa najilaumu. Nilikuwa naficha kicheko cha furaha.

Ni mimi mjomba wako,
bado sijakomaa.