Ndala za Mjomba na Wazee Watatu wa Ugiriki

Kaka Deo,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, ila mdomo umeshazoea.

Hapa Gongoni tupo. Sijalia bado. Nakwambia wewe maana wengine wananitazama usoni kama wanasubiri mvua. Naosha vyombo, namenya karanga, namsuka mwanangu Kalunde, na ndani yangu kimya, kama redio iliyoishiwa betri.

Hata mtani wako, yule Mgogo wa nyumba ya pili, hakunitikisa. Siku ya mazishi alivaa miwani yako akajilaza njiani mbele ya jeneza. "Huyu Mnyamwezi hazikwi! Kaniachia swali. Kati ya wale wazee watatu wa Ugiriki, nani kaitawala dunia zaidi? Nijibuni, la sivyo namwamsha ajibu mwenyewe!" Watu walicheka na machozi yao. Mimi nilikuwa naona tu kwamba miwani imekaa upande.

Swali lile lilikuwa letu, Kaka. Ulirudi kutoka seminari na falsafa yako, ukanikuta na darasa la saba langu na ungo wa karanga. Majina ya wazee wale yaliniteleza ulimini, ukanipa ya kwetu. Mwulizaji, aliyetembea pekupeku akiuliza watu maswali sokoni mpaka wakamnywesha sumu. Mwanafunzi wake, Mtazama-juu, aliyesema tunavyoviona ni vivuli tu, vyenyewe viko kwingine. Na mwanafunzi wa huyo, Mshika-udongo, aliyepasua mayai na samaki ili aone kwa macho yake.

Ulikuwa unawapima kama mtu anayechagua jogoo. Padri akihubiri habari za roho, ulisema Mtazama-juu kasimama nyuma ya altare. Daktari akikutoa damu, ulisema huyo ni mjukuu wa Mshika-udongo. Mimi nikauliza, na nani alikuwa anawapikia? Ukacheka mpaka ukapaliwa na karanga. "Umeshaanza falsafa, mama Kalunde."

Nikauliza tena wamefikaje Tabora. Ukasema wamekuja vichwani mwa babu zetu, kwa njia ya misafara. Wapagazi walipeleka pembe pwani, wakarudi na masanduku ya vitabu ambavyo hawakujua kuvisoma. "Tumewabeba sana wazee hawa. Sasa na wao watubebe kidogo."

Basi sikia walivyonibeba.

Shangazi alimwambia Kalunde kwamba Mjomba amesafiri. Mtoto wa miaka minne haambiwi kifo, alisema, atakiita. Nikaendelea kumenya karanga. Kalunde akaenda mlangoni, akaziona ndala zako za bluu, ile ya kushoto uliyoishona kwa waya. Akarudi. "Mama, Mjomba kasafiri pekupeku?"

Shangazi akamwambia ale ugali wake.

Kila jioni Kalunde alizipanga mlangoni, zikitazama ndani, ili ukifika uvae. Na kila jioni aliuliza. Kwa nini hakuzibeba? Miguu haiungui? Shangazi anamkatiza, mimi naangalia sufuria. Kisha jioni moja akazipanga, akakaa, akala nsansa, yale majani makavu ya kunde asiyoyapenda, hakuuliza kitu. Na kesho yake vilevile. Kaka, hapo niliogopa. Msiba wako sikuuogopa hivyo. Mtoto uliyemwita mjukuu wa Mwulizaji alikuwa amenyamaza kama mimi.

Nikaanza na Mtazama-juu, maana ndiye rahisi. Nikamwambia Mjomba yuko juu. Kalunde akaangalia bati, akaangalia muda mrefu, akainamisha kichwa. Haikumtosha. Na mimi haikunitosha, Mungu anisamehe.

Jumamosi nikamfunga mgongoni, tukapanda pikipiki mpaka Isikizya, shambani kwa Baba. Shangazi alinifuata hadi barabarani. "Unampeleka mtoto kaburini, una akili wewe?" Kalunde alikuwa amezishika ndala kifuani.

Pale kaburini nikamwambia, Mjomba alikufa. Mwili wake uko hapa. Harudi. Nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye udongo. Akaufinya, akaunusa. Halafu yakaja maswali yote kwa mkupuo: Anapumua? Anasikia? Nani alimfunika? Na wewe Mama utakufa? Mengine nilijibu, mengine nikasema sijui. Hilo la mwisho nilisema ndiyo, ila naomba Mungu iwe ukiwa bibi. Akasema, sawa.

Nilidhani ataziacha ndala kaburini. Akakataa. "Kama harudi, nazivaa mimi."

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na umpelekee mtani ukiweza. Mshika-udongo alinipa mahali pa kumpeleka Kalunde. Mtazama-juu simfukuzi, namhitaji Jumapili kanisani. Lakini mkubwa ni Mwulizaji. Nyumba isiyoulizwa kitu, nimekaa ndani yake, naijua.

Shangazi hajasema nami tangu siku ile. Atasema, jana alimtengea Kalunde karanga.

Lala, Kaka Deo. Nakuahidi huyu mtoto hatakatizwa swali katika nyumba yangu, hata nikiwa nimechoka, hata nikiwa sina jibu. Na mwakani, Mungu akipenda, naanza masomo ya jioni. Na mimi nina yangu ya kuuliza.

Hapa ninapoandika ndala zako zinapita uani, kubwa kuliko miguu iliyozivaa, pwata, pwata, ile ya waya ikikwaruza vilevile. Nimeinua kichwa kukuitikia. Kaka, karatasi imelowa.

Mdogo wako,
Mama Kalunde