Mundu wa Baba Usitundikwe Ukutani

Castellón, Hispania
11 Juni 2023

Mpendwa kaka Gavril,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Hujambo? Macho yanaonaje siku hizi, na miguu? Mama naye, bado anakufichia kipande cha mafuta ya nguruwe chini ya mkate? Mimi sijambo, ila mgongo umechoka. Bado nabeba matofali.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwamba sukari yako imetulia lakini kolesteroli imepanda tena, hilo limeninyima raha. Kwamba umenunua mashine ya kukatia nyasi, na ule mundu wa baba wenye mpini mrefu utampa mwenye nyumba ya wageni autundike ukutani, hilo limeniuma zaidi. Nisikilize kabla hujampa.

Unajua na mimi nina sukari, na mafuta ya damu yangu yalikuwa kama yako. Nilidhani mbeba matofali hahitaji mazoezi. Muuguzi wa zahanati ya hapa, Amparo, akanicheka. "Mzee, kazi yako ni ya punda, mwendo mmoja asubuhi hadi jioni. Moyo wako ulikimbia lini mara ya mwisho?" Nikamwambia siku ya harusi yangu, nilipotaka kutoroka.

Wakanipima moyo kwanza. Kisha Amparo akanipangia: napanda ngazi za jengo letu mbio nusu dakika, natembea taratibu dakika mbili, narudia mara sita. Siku tatu kwa wiki. Napima sukari kabla, na mfukoni naweka peremende, isije ikashuka ghafla. Wenzangu wananipigia kelele, "Toader, leo umeiba nini?" Ni mwezi wa nne sasa. Mafuta mabaya yamepungua, yale mazuri yamepanda kidogo. Vidonge sijaacha, Amparo amenikataza.

Sasa nikuambie jambo ambalo huku sijamwambia mtu. Mzunguko wa tano, pumzi inapokatika, ngazi zinaanza kunukia nyasi mbichi. Ukuta unafifia, niko kwenye konde letu la mteremko, umande haujakauka. Baba yuko mbele, shati limemganda mgongoni. Anafyeka kama anayefukuzwa mpaka mwisho wa mstari, anasimama, anachomoa kinoo kwenye ile pembe ya ng'ombe yenye maji aliyoifunga kiunoni, ananoa polepole. Halafu anaondoka tena. Mbio, kinoo, mbio, kinoo. Naye alikuwa na sukari, kaka, na alifyeka mpaka miaka sabini na sita. Sisi tulidhani ananoa mundu tu.

Mwone daktari wako kwanza, akupime moyo. Akikuruhusu, mashine ikae bandani. Nafika tarehe ishirini na nane, nyasi zikiwa tayari. Wewe shika mundu wa baba, mimi nitaazima wa jirani. Usihangaike kunishinda. Nikitangulia mwisho wa mstari nitakungoja, tunoe pamoja.

Nisalimie mama, na shemeji Pălăguța, mwambie supu yake naiota. Mungu akulindie pumzi yako mpaka nifike.

Mdogo wako akupendaye,
Toader