Redio Iliyosema Hakuna Soi

Jumanne

Eldoret nzima, mimi nikiingia dukani wenye maduka husimama kama gavana amefika. Leo nilienda kuchagua redio ya pikapu yangu, ile ya skrini inayokuonyesha barabara.

Muuzaji, jamaa wa miwani anaitwa Tito, aliniwekea mbili mezani. Nikamuuliza, "Hii kubwa itanipeleka nyumbani?"

"Itakupeleka mpaka jikoni, Mzee. Andika tu jina la kwenu."

Nikaandika Soi. Redio ikasema hakuna mahali kama hapo. Nikarudia, nikibonyeza kwa nguvu. Hakuna. Wateja wakaanza kukohoakohoa.

"Mzee, labda kwenu kumehama," Tito akasema, akacheka na meno yote.

Nikamshika kola. Ngumi moja tu, miwani yake nadhani iliangukia mji wa pili, kule Cheptiret. Akanirudishia ya mdomo. Tukaanguka juu ya kabati ya spika, kioo kikapasuka, damu ikatiririka mpaka mlangoni. Ilibidi wanaume sita wanitoe juu yake. Sawa, wawili. Na ni yeye alikuwa juu.

Mama watoto nimemwambia nilivamiwa na wezi na nikawalaza wote. Mdomo umefura, hata chai inauma. Nilikuwa nimeapa kesho narudi kuivunja hiyo redio vipandevipande.

Lakini sasa hivi nimetoa kitambulisho nikaangalia. Wameandika Soy. Nimezaliwa huko, nimeoa huko, na sikujua inaisha na ile herufi ya mkia.