Kipande cha mwisho cha kitenge

Zawadi, mjukuu wangu,

Huku Kamembe tunakusalimu sana. Dada yangu mkubwa, yaani bibi yako, amepona kikohozi, na kichanga changu kimeota jino. Watu bado wanacheka nikikuita mjukuu huku nanyonyesha!

Unaniuliza kuhusu darasa lako la chekechea: "Batoto bakishindwa kupanga pembetatu, nibaonyeshe?" Shule niliiacha mapema, lakini hilo nalijua.

Nilipokuwa mdogo, Maman aliniachia nipange mabaki ya vitenge, ashone kitambaa cha kubebea mtoto. Kikabaki kipande kimoja cha pembetatu. Nilikisogeza, nikakizungusha, kikakataa kuingia. Kaka akacheka: "Fundi gani huyu! Atatushonea suruali ya mguu mmoja!"

Maman akashika mkasi akipunguze.

"Acha, Maman, usikate!"

Akauweka chini, akanywa chai yake polepole. Mimi nikakigeuza, upande wa ndani ukawa nje. Kikaingia sawasawa!

"Fundi wangu," Maman akasema, kaka akisikia.

Basi mwalimu wetu, mkono ukikuwasha kuwasaidia watoto, shika kwanza kikombe cha chai. Kitambaa kile ninacho mgongoni sasa hivi, na mtoto amelala ndani yake.

Bibi yako mdogo