Sakafu Mupya ya Jikoni kwa Maman

Nyalukemba, Bukavu
Tarehe 19 Novemba 2023

Mupendwa kaka yangu, yaya Floribert,

Pokea salamu kutoka nyumbani, salamu za watu wanaokutaja kila wakati wa kula. Habari ya Lubumbashi? Habari ya Apolline na watoto, na ule mugongo uliokusumbua tangu Pasaka? Sisi huku tungali wazima, Mungu ametuchunga. Maman Eulalie anakula vizuri. Ni miguu tu inayomuuma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haitupi nafasi ya kuanika hata leso.

Nimechukua karatasi kwa sababu kila nikishika simu maman anasogeza kiti na kukaa karibu yangu. Haya ninayotaka kukueleza siwezi kuyasema mbele yake. Jirani yetu Bienfait anasafiri kuja kwenu na ameahidi kukupa barua hii mukononi.

Kwanza nikupe habari ya kazi, maana najua unapenda kusikia nyumba inavyoendelea. Salon, chumba cha wageni, tumeipaka rangi ya maziwa na madirisha rangi ya buluu. Mume wangu Aloys ametengeneza rafu za vitabu kwa mikono yake, kwa zile mbao zilizobaki katika atelieri ya useremala ya papa. Zimeinama kidogo upande wa kushoto, lakini ukimuambia atanuna, kwa hiyo mimi ninapanga vitabu vizito upande wa kulia na maisha yanaendelea. Maman amefuma vitambaa vya viti kwa uzi mweupe. Dari ya korido tumeisuka kwa matete, kama ile ya nyumba ya bibi kule Walungu. Ukiingia unasikia harufu ya shamba.

Kazi iliyobaki ilikuwa jikoni. Unaikumbuka ile sakafu ya zamani, yenye nyufa ambamo mende walikuwa wanajificha. Tulitaka kumwaga simenti mupya na kuisugua kwa rangi nyekundu mpaka ing'ae. Tukamuita fundi Chrispin kutoka Nyawera, mutu wa makamo asiyekuwa na maneno mengi.

Lakini kabla ya Chrispin kufika, kulikuwa tayari na jambo la maman.

Tangu mvua ianze, maman aliacha kupita katikati ya jikoni. Alipita kando ya ukuta, ameinua pagne yake, kitenge cha kiunoni, kidogo kama mutu anayekwepa maji. Kisha akaanza kuweka kiti mulangoni muchana na kuongea Mashi, lugha ya kwao, polepole. Anasema, ananyamaza, anaitika, anasema tena. Nilidhani ni rozari. Siku moja nikamuuliza anaongea na nani, naye akaniangalia kama mutu aliyeulizwa jambo lisilo na adabu.

"Weye haumusikie? Ni papa yenu. Anasema kule chini iko baridi."

Yaya, nikaenda moja kwa moja kumutafuta Aloys. Wewe unajua namna nyumba hii ilivyobaki bila kaburi. Papa Déogratias alienda Kalehe kutafuta mbao, mashua ikazama ziwani wakati wa kurudi, wenzake wakapatikana mumoja mumoja, yeye ziwa halikumurudisha. Tulifanya matanga mbele ya picha. Uliposhika njia ya Lubumbashi uliniambia, "Nitarudia kaburi gani?" Na kweli tangu wakati ule hujakanyaga hapa. Sikulaumu. Ninakukumbusha ili uelewe yale maneno ya maman, yaliyosemwa bila chozi hata moja, yalinifanya nini mwilini. Aloys alisema ni uzee. Nikataka sana kumuamini.

Siku ya kazi Chrispin alianza kwa kugonga sakafu na nyundo. Pembeni ilijibu kama jiwe. Katikati ilijibu kama ngoma. Akarudia, akatuangalia.

"Hapa chini iko wazi," akasema.

Aloys alidhani ni udongo umeshuka tu, kama unavyoshuka kila mahali katika muji huu mvua ikizidi, akamuambia aendelee. Wakaingiza mifuko ya simenti na muchanga. Ndipo maman akaingia, kando ya ukuta kama kawaida yake.

"Mutoke wote."

"Maman, tuko na kazi," Aloys akamujibu kwa upole.

"Muzee anasema mutoke. Mbio."

Hakuinua sauti. Chrispin ndiye aliyetii kwanza: aliweka mwiko chini akatoka bila kuuliza. Mimi nikamuvuta Aloys kwa shati, na maman akatufuata. Tulikuwa uani, Aloys akinung'unika kwamba simenti itakaukia ndani ya ndoo, wakati jikoni ilipotoa sauti. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mutu anavuta pumzi ndefu, ndefu sana. Kisha mifuko, meza na pipa la maji vikashuka pamoja, vumbi likatoka mulangoni likatufunika miguu. Pale tulipokuwa tumesimama hapakuwa tena na kitu cha kusimamia.

Ilikuwa siterni, yaya. Wazungu waliojenga nyumba hii zamani walichimba tangi la kuhifadhi maji ya mvua, baadaye mutu akalifunika kwa mbao na simenti nyembamba, na papa aliponunua hakuna aliyemuambia. Tumepika juu yake maisha yetu yote. Kuta zake ni za mawe yaliyopangwa vizuri. Chini kabisa kuna maji meusi, na meza yetu ilikuwa imekwisha kupotea ndani yake. Tulipoinama, ubaridi ukapanda pamoja na harufu ya ziwa: samaki, matope, majani yaliyooza. Na wewe unajua ziwa liko mbali chini, ng'ambo ya barabara, na sisi tuko juu ya mulima.

Hapo ndipo niliposikia kikohozi.

Unakumbuka papa alivyokuwa anakohoa pale kwenye lango, ili sisi watoto tuache fujo kabla hajaingia? Ni kile kile. Kilitoka chini. Nilimutazama Aloys, naye alikuwa amekaza macho shimoni. Lakini Chrispin, ambaye hakumujua papa hata kwa picha, alivua kofia yake.

"Pardon, muzee," akasema taratibu, kama mutu aliyemukanyaga mwenzake sokoni.

Baadaye Aloys alipata maelezo. Mvua inapenya kwenye nyufa, matone yanaanguka, mwangwi unapanda, na sikio la mutu mwenye huzuni linachagua la kusikia. Ni maneno yenye akili, siyakatai. Maman alimusikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake.

"Maji haijue jina yangu," akamujibu. "Yeye ananiitaka M'Zagabe."

Na ni kweli, tangu papa apotee hakuna aliyemuita tena kwa jina la baba yake, binti wa Zagabe. Kwetu sote yeye ni maman tu.

Aloys hakukata tamaa. Maji ya bomba yanakatika kila mara huku, na yeye alitaka tusafishe siterni ile, tuweke pompi ya kuvuta, nyumba isikose maji tena. Akashusha ndoo, akaivuta ikiwa imejaa. Maman akachovya kidole, akakiweka kwenye ulimi.

"Hii ni ya ziwa," akasema. "Hatutamunywa."

Aloys alibaki na ile ndoo mukononi. Hakuimwaga uani. Aliirudisha shimoni polepole, kwa kamba, asimwage hata tone, na habari ya pompi haikutajwa tena.

Baada ya hapo maman alitoa maagizo na sisi tukafuata. Alitaka mawe ya kujazia siterni yatoke Kalehe, kwenye pwani ile papa alipopandia mashua. Aloys mwenyewe alikwenda na gari la mizigo kuyaleta. Muda huo maman alisuka mukeka wa mafunjo kwa vile vidole vyake vilivyopinda, na hakutaka nimusaidie hata kukata ncha. Ulikuwa upana wa mutu mumoja.

Abbé, padri wa parokia yetu, alikuja asubuhi, jua likiwaka vizuri. Aloys na Chrispin wakashusha mukeka kwa kamba mpaka ukalala juu ya maji, umenyooka kama juu ya kitanda. Tulidhani utaelea, maana mafunjo ni mepesi. Ulikaa kitambo kidogo. Kisha ukabonyea katikati, taratibu, pale ambapo mugongo wa mutu unalala, halafu upande wa kichwa, halafu wa miguu, ukazama. Abbé alianza sala upya kutoka mwanzo.

Kabla ya jiwe la kwanza maman aliomba abaki peke yake. Tukamungojea uani, hatukusikia kitu. Alipotoka uso wake ulikuwa umepumzika, kama enzi zile papa alipokuwa amerudi salama kutoka safari. Nikamuuliza kama amemuaga.

"Nimemuaga. Alimuulizia Floribert."

"Alisema nini?"

"Ile ni ya Floribert. Haiko yako."

Nimejaribu kwa kila njia, yaya. Nimemubembeleza, nimemupikia samaki anaowapenda, nimenyamaza pia. Anasema atakuambia uso kwa uso, si kwa simu na si kwa mudomo wa mwingine. Siterni imejaa mawe. Sakafu imekauka, nyekundu, inang'aa, na majirani wanakuja kuishangaa. Mara kwa mara ninapiga magoti kana kwamba ninasugua, ninaweka sikio, na ninasikia moyo wangu tu. Kilichosemwa kimebaki kwa maman peke yake, na juzi alisahau jina la mujukuu wake kwa asubuhi nzima. Uliniuliza utarudia kaburi gani. Sasa liko hapa, tunapika juu yake. Usingoje likizo ya watoto.

Aloys anakusalimu, na Chrispin pia, ambaye siku hizi akipita huingia jikoni kusimama kidogo kisha anaondoka. Musalimie Apolline kwa niaba yangu, na watoto wote, na mujomba wetu, tonton Zagabe aliyerithi jina la baba yao, akija kwenu. Salamu za maman ninazituma bila ruhusa yake, kwa sababu hajui kwamba nimeandika.

Mungu akulinde barabarani na juu ya maji, na akufikishe ukiwa muzima.

Wako akupendaye, ndugu yako wa tumbo moja,

Adélaïde