Nilisema Nakaa Bure

Kigali, 4 Februari 2023

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Kampire,

Salamu nyingi. Unaendeleaje, na ule mguu? Sisi huku ni wazima, watoto wanakuulizia.

Yaya, nina ombi. Protais, mkuu wa mudugudu, huo mtaa wenu, anapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amepangisha, ili tutozwe ushuru. Akifika kwako mwambie unakaa bure kwa mdogo wako. Ni neno dogo tu. Kodi ya nyumba endelea kunitumia kama kawaida.

Mdogo wako,
Ndahiro

Gisenyi, 19 Februari 2023

Mdogo wangu Ndahiro,

Nimefurahi kusikia mu wazima. Mguu unauma asubuhi tu, nikifika sokoni nausahau.

Protais alikuja na majirani. Akauliza, "Mama Cyiza, hii nyumba unalipaka?" Nikasema, "Hapana, mi nakaa bure, ni ya mudogo wangu." Mukandori wa nyumba ya pili akacheka: "Kumbe! Na vile unajivunaka!" Unanijua, tangu nifiwe na mume sijala cha mtu bure. Nilikasirika siku nzima. Bon, ni wewe uliyeomba. Kodi nimempa Twahir wa basi pamoja na barua hii.

Yaya wako,
Kampire

Gisenyi, 2 Juni 2023

Ndahiro,

Hujambo na watoto? Barua zangu mbili hukujibu. Jana alikuja mfanyabiashara wa Goma na fundi, wakapima madirisha. Anasema mmepatana, atahamia mwisho wa mwezi. Nimemwambia amekosea nyumba. Amekosea, sivyo?

Yaya wako,
Kampire

Kigali, 20 Juni 2023

Yaya,

Habari za siku? Pole kwa kimya, kazi ni nyingi.

Hakukosea. Protais amenipigia simu kwamba ulikwenda kwake kudai muda wa kuhama kama mpangaji. Mbele ya majirani ulisema unakaa bure, donc atakusaidia vipi? Na tusisumbuane, Yaya: miaka yote hii nimekuhifadhi bila kukudai kitu. Nilitegemea shukrani.

Mdogo wako,
Ndahiro

Cyanzarwe, 3 Julai 2023

Ndahiro,

Natumaini una afya. Mimi nimepanga chumba huku kwa mzee Habimana. Nimemwambia mbele ya mkewe na majirani kwamba nitalipa kila mwezi, wasikie wote.

Kunitoa ningekusamehe. Nyumba ni yako, na watu wa Goma wanalipa vizuri. Uongo wa kwa Protais niliubeba mwenyewe, nikachekwa kwa ajili yako. Lakini barua ile ya mwisho uliniandikia mimi. Hapakuwa na Protais wala jirani, tulikuwa wewe na mimi tu, tunaojua kodi ile ilitoka wapi na ilikwenda kwa nani. Bado ukaandika kwamba nilikaa bure. Hapo umeniumiza, na sijui utaniponya vipi.

Nyumba nimeifagia, ufunguo nimemwachia mgeni wako. Kodi ya Juni anayo Twahir.

Aliyekuwa mpangaji wako,
Kampire